Shimo Moja Nyuma ya Nyumba ya Mama

12 Januari 2009

Mdogo wangu,

Leo ni tarehe kumi na mbili Januari, na nikihesabu vizuri nimetimiza miaka thelathini na mbili nje ya nyumbani. Nilitumwa kusomea ramani kwa miezi sita. Mwaka ule mambo yakaharibika, ofisi ikafungwa, mkuu wangu akaniandikia kwamba nisirudi kwanza. Hilo "kwanza" ndilo ninaloishi ndani yake mpaka leo.

Nakusalimu, na kupitia kwako namsalimu Baba Mdogo, ambaye sijui anakula nini hata anafika miaka tisini akiwa bado anaitisha vikao. Bega lako linaendeleaje? Mkunga mstaafu anayebeba ndoo mbili kwa mpigo asitegemee huruma ya mtu. Huku hatujambo. Binti yangu bado anafundisha kemia, na mwanawe ameota meno na anayatumia. Mimi nipo palepale, ghorofa ya tatu juu ya dobi, sakafu ina joto mwaka mzima kana kwamba kuna mnyama amelala chini yake. Barua hii nimeianza mezani, nikahamia dirishani, sasa naiandika nimesimama jikoni. Mama alikuwa akisema nilizaliwa na miguu inayowasha. Hakukosea, na uzee haujaipoza.

Barua yako ya Novemba nimeisoma zaidi ya mara moja. Unaniuliza nakuja au siji, kwa sababu sehemu yangu ya mteremko nyuma ya nyumba ya Mama imekaa bure na watu wameanza kuitazama. Nakuja. Nimestaafu, sina tena kisingizio cha kazi. Lakini na mimi nikuulize: nikishafika, nikishasalimiwa, nikishakula, asubuhi ya siku ya tatu nitafanya nini?

Utacheka. Huku, kila asubuhi isiyo na mvua, nakwenda uwanja wa gofu wa manispaa pamoja na rafiki yangu fundi kufuli. Unajua nilivyoupata ugonjwa huu. Nilikuwa kijana ofisini, nikatumwa kuchora ramani ya uwanja wa gofu wa kampuni ya reli, ule wenye majani ya kukwaruza miguu na mashimo yaliyozungukwa na mchanga mweusi. Siku ya mwisho ya kupima, karani mmoja wa tiketi akanipa fimbo yake, akasema, "Piga mmoja, ujue unachochora." Nikapiga. Mpira ukaondoka kama umeitwa. Sijawahi kuupiga vile tena, na ndiyo sababu naendelea.

Ule uwanja bado upo? Niandikie, usinipigie. Kwenye simu mimi husema ndiyo kwa kila kitu.

Kaka yako

*

20 Februari 2009

Kaka, shikamoo.

Sisi wazima. Bega linauma linapojisikia. Baba Mdogo anaishi kwa uji na ubishi.

Uwanja wako wa reli haupo. Ningekwambia ukae chini kabla ya kusoma, lakini najua hukai. Sasa ni maegesho ya malori, na upande wa juu wamejenga maghala. Nilipita makusudi, nikamuuliza mlinzi kama anajua hapo zamani palikuwa na nini. "Palikuwa na pori, mama," akasema. Nikamwacha na pori lake.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Mtoto wa marehemu kaka yetu, huyu tunayemwita Injinia ingawa anatengeneza majokofu, amekuja mteremkoni na futi ya kamba. Anataka kujenga vyumba vya kupangisha. Sehemu ya baba yake kule barabarani ameshaijaza nyumba, sasa jicho lipo kwako. Nilimkuta anapima, nikamwambia:

"Hapo pana mwenyewe."

"Mwenyewe yuko wapi, shangazi?"

"Anakuja."

"Ulianza kusema anakuja nikiwa natambaa. Sasa nina kipara."

Kaka, nilimtazama kichwani. Kipara anacho kweli.

Baba Mdogo akaita kikao. Amesema hati ina jina lako na hilo hakatai, lakini ardhi haiishi kwa jina. Desemba watakaa tena. Ukiwa umefika, ni yako na mtu asikusogelee. Ukiandika kwamba unakuja, watasubiri, maana mtu aliye njiani hafungiwi mlango. Ukiandika kwamba huji, au ukinyamaza, Injinia ajenge.

Basi uje kabla ya Desemba, yaishe. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo linaloumia ni langu, kwa sababu wewe uko mbali na mimi ndiye ninayekaa kwenye vikao. Kuhusu hiyo asubuhi ya siku ya tatu, nimefikiri. Kama kinachokukwamisha ni shimo la gofu, nitakutengenezea hapohapo mteremkoni. Nimezalisha nusu ya mji huu, sitashindwa na shimo. Niambie linahitaji nini, na usiniandikie kitabu.

Mdogo wako

*

15 Machi 2009

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mjukuu amemng'ata mama yake, tumefurahi wote isipokuwa mama. Fundi kufuli amefiwa na dada yake, nimekwenda kukaa naye, na baada ya saa moja tukatazamana tukaenda uwanjani. Usituhukumu. Kuna watu huzuni yao inataka kutembea.

Nimesoma habari ya maegesho ya malori. Nilivaa viatu nikatoka.

Kuhusu shimo: nilikaa na karatasi siku nzima. Nilikaa kweli, hata binti yangu akauliza kama naumwa. Nimekuchorea ramani, imo humu. Simama juu, pale kwenye tangi la maji, ndipo mtu ataanzia. Majani yafyekwe kuanzia hapo mpaka kwenye mtaro, lakini mtaro uachwe, usiuzibe, maana mpira unatakiwa kuuvuka na asiyeweza kuuvuka ajue hivyo. Chini, karibu na ua, pana ile sehemu tambarare tuliyokuwa tunaanikia nguo. Hapo ndipo shimo. Pazungushie duara pana kama chumba kikubwa cha wageni, na ndani ya duara pawe laini kama sakafu, mpira usikutane hata na kijiwe. Katikati tobo, upana wa kopo la maziwa ya unga. Usiongeze. Ukubwa wa tobo ndio mchezo wenyewe.

Nimekutumia kifurushi. Nimevifunga ndani ya bomba la plastiki: fimbo yangu ya zamani ya masafa ya kati, fimbo ya kusukumia mpira shimoni, na mipira michache. Vinisubiri huko.

Nitakuja Juni, mashindano yetu ya wastaafu yakishamalizika. Siwezi kuyaacha, mwaka jana nilikuwa wa tatu kutoka mwisho na nina hesabu nao.

Kaka yako

*

2 Mei 2009

Kaka, shikamoo.

Kifurushi kimefika. Watu wa posta walidhani ni bomba la maji, wakaniuliza kama huko ulipo hakuna fundi wa kukushauri kwamba mabomba hata hapa yapo.

Shimo limekwisha na limeharibika, vyote kwa pamoja. Uliandika laini kama sakafu. Nikamwita fundi wa lipu, yule aliyepiga sakafu ya wodi ya wazazi, hodari, haachi kovu. Nikamsomea barua yako neno kwa neno. Akasema, "Kama sakafu? Hiyo ndiyo kazi yangu." Alileta kokoto, akaleta saruji, akaweka pima maji huku na huku, akasugua mpaka duara likang'aa. Nilijivuna. Majirani walikuja kuliona. Mmoja akauliza kama ni la kuchezea ngoma, mwingine akaomba akaanikie mahindi. Kuhusu tobo, kopo la maziwa lilikuwa na sukari ndani, nikampa ndoo ya rangi.

Injinia akaja na kusimama pale juu ya sakafu, mikono kiunoni.

"Shangazi, hili ni kaburi la nani?"

"La maneno yako."

"Angalau msingi mmeshaniwekea," akasema, akaenda zake anacheka. Huyo mtoto nilimtoa mimi mwenyewe tumboni mwa mama yake, akiwa ametanguliza miguu. Tangu siku ile hajawahi kufanya jambo kwa njia ya kawaida.

Basi nikachukua mpira mmoja, nikausogeza kwa ile fimbo yako fupi, nione tu. Kaka, ulikwenda kama mtu anayedaiwa. Uliteleza juu ya saruji, ukapita pembeni ya ndoo, ukaruka ukingo, ukaingia mtaroni. Nikajaribu tena. Hivyohivyo. Sasa niambie kosa ni la nani, la fundi, langu, au la mtu aliyeandika "kama sakafu"?

Juni ndiyo hiyo inakuja. Chumba chako nimekipaka rangi.

Mdogo wako

*

28 Mei 2009

Mdogo wangu,

Nimecheka mpaka dobi amegonga dari lake kwa ufagio. Nilimsomea fundi kufuli barua yako uwanjani, akakaa chini kwenye majani, akasema huyo fundi wa lipu aletwe huku atengeneze viwanja vyetu vyote, tujue nani mwanamume.

Kosa ni langu. Miaka yote huku nimechezea majani yaliyokatwa kama zulia, nimesahau kwamba kitu nilichokuwa nacho kichwani ni kingine kabisa. Sikiliza. Ivunje hiyo saruji. Uwanja wa reli haukuwa na majani kwenye mashimo, maji ya kuyanywesha yangetoka wapi? Walikuwa na mchanga. Chukua mchanga wa mto, uchekeche, halafu nenda gereji uombe oili chafu, ile wanayoimwaga wakibadilisha kwenye injini. Wakupe, wanaitafutia pa kuitupa. Koroga na mchanga kwa koleo mpaka uwe mweusi na mzito, ukiukamata mkononi unabaki na alama za vidole. Tandaza kimo cha kidole gumba. Upepo hautauchukua na mvua haitauchimba. Uwe na ubao wenye mpini mrefu, na kila mtu kabla ya kusukuma mpira wake avute ubao mara moja kutoka ulipo mpira mpaka tobo lilipo, afute nyayo za waliotangulia. Kwa hiyo kila mtu anapata njia mpya. Nimeandika sentensi hii nikaiacha kalamu, nikazunguka mtaa mzima ndipo nikarudi kuendelea.

Kopo la sukari limwage, tafadhali.

Juni haitawezekana. Goti la kulia limevimba na daktari amenizuia kupanda ndege. Nimekata tiketi, naondoka tarehe ishirini Agosti na kufika huko ishirini na moja. Namba ya ndege nimeiandika nyuma ya karatasi hii.

Kaka yako

*

9 Julai 2009

Kaka, shikamoo. Pole na goti. Ni goti gani hilo linalokataza ndege na halikatazi kuzunguka mtaa mzima?

Saruji imevunjwa. Fundi wa lipu aliombwa aivunje mwenyewe akakataa, akasema mtu hazai akanyonga. Nikaivunja kwa nyundo asubuhi kadhaa, bega likalalamika halafu likazoea. Vijana wa gereji walinipa oili bure. Duara sasa ni jeusi, linanuka kama lori, na linapendeza. Kopo limeingia.

Nina maswali machache. Nauliza tu, ili ukifika usikute mambo yameenda kombo.

Mpira ukiingia kwenye tundu la panya, mtu anafanyaje? Anausogeza, au anamsubiri panya?

Jioni mpira unakwenda kulia kidogo ukikaribia tobo, asubuhi haupindi. Ni mchanga, au ni mtu kachoka?

Fimbo ya masafa ya kati, mkono wa kushoto unakaa juu au chini? Kwa sababu ukiwa chini mpira unakwenda kwa jirani.

Na mtaro. Ni lazima uvukwe kwa pigo moja? Hakuna njia ya heshima ya kufika chini kwa mapigo mawili?

Mipira mitatu imepotea.

Baba Mdogo amekuja kutazama, akaketi kwenye kiti chake juu pale tangini. Akauliza unakuja lini, nikamwambia Agosti. Akasema, "Basi nitajitahidi nifike Agosti." Ameacha kulala mchana, anasema atalala ukija. Kwa hiyo usichelewe, unamnyima mzee usingizi.

Mdogo wako

*

30 Julai 2009

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote. Goti limepoa. Binti yangu amenishonea lebo kwenye sanduku kama mtoto wa bweni.

Panya hasubiriwi. Unausogeza mpira urefu wa fimbo moja bila adhabu. Mkono wa kushoto juu. Mapigo mawili ni njia ya heshima kabisa, mimi mwenyewe huyatumia siku hizi. Kuhusu mpira kupinda jioni, ardhi pale kwenye kamba za nguo huteremka kidogo kuelekea kulia, nilikuwa naona maji ya mvua yakienda huko. Asubuhi haupindi kwa sababu mchanga una umande na mpira unakwenda taratibu. Mtu anayeliona hilo ameupiga mpira asubuhi nyingi na jioni nyingi.

Ni nani huyo anayecheza?

Tarehe ishirini na moja, saa tisa mchana.

Kaka yako

*

14 Septemba 2009

Kaka,

Sisi wazima, na wewe pia u mzima, maana binti yako amenipigia kuniambia hivyo na akalia kwa aibu ambayo haikuwa yake.

Nilikwenda uwanja wa ndege. Injinia ndiye aliyenipeleka kwa pikapu yake, na alivaa shati lililopigwa pasi. Tulisimama pale kwenye kamba. Watu wakatoka, wakakumbatiana, wakalia, wakaenda. Rubani akatoka na kibegi chake. Mfagiaji akaanza kufagia. Nikamwambia Injinia tusubiri kidogo, labda unatafuta mzigo. Akasema, "Haya, shangazi, tusubiri." Njia nzima ya kurudi aliendesha polepole, kama amebeba mayai. Afadhali angenicheka.

Sitaki sababu. Kama ni goti, liweke.

Uliuliza nani anacheza. Ni mimi.

Nilianza kwa kujaribu tobo, nione kama kopo limekaa sawa. Halafu nikataka kujua kama inawezekana kutoka tangini mpaka chini. Halafu nikataka kujua kama inawezekana bila kuingia mtaroni. Siku moja ukavuka. Nilisikia sauti ile, ndogo, kama mtu amevunja kijiti, nikajua kabla sijatazama. Hapo nikaelewa ulikuwa unazungumzia nini miaka yote, na nikakukasirikia kwamba hukunipa fimbo mapema.

Wanawake wa hapa wananiita toka barabarani.

"Mkunga, unafukuza nini huko?"

"Mpira."

"Ukiupata utaufanyaje?"

"Nitaupiga tena."

Wanacheka mpaka wanashikana. Lakini wawili wameshaomba wajaribu, na mmoja ana mkono mbaya, anawekea nguvu kama anatwanga.

Kaka, maisha yangu yote kila kazi niliyoishika, mwisho wake kulikuwa na mtu analia, wa kuja au wa kwenda. Hii mwisho wake ni mpira kuanguka ndani ya kopo, basi. Tangu nistaafu nilikuwa nazunguka nyumba hii nafungua makabati niliyoyafunga mwenyewe. Ulidhani miguu inayowasha ulipewa wewe peke yako? Mama hakuangalia yangu kwa sababu mimi nilikuwa na kazi ya kuificha.

Sasa nakuomba kitu, na ukisome vizuri. Kikao ni Desemba. Injinia ameshaleta matofali, ameyapanga kando ya mtaro, mpira wangu unayagonga. Ukiandika kwamba huji, anaanza kuchimba Januari. Kwa hiyo usiandike hivyo. Andika unakuja. Andika hivyo mwaka huu, na mwaka ujao, na unaofuata, nami nitakisomea kikao. Zamani nilikuomba uje. Sasa nakuomba useme tu.

Mdogo wako

*

11 Oktoba 2009

Mdogo wangu mpenzi,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu Baba Mdogo, halafu Injinia na shati lake. Mwambie nimesikia kuhusu shati. Huku binti yangu hajaanza kuzungumza nami vizuri, ananipikia na kuondoka. Mjukuu ndiye anayenisalimia.

Hukutaka sababu, lakini lazima nikupe, kwa kuwa kitu ninachokuandikia mwishoni kinasimama juu yake.

Tarehe ishirini nilifika kaunta mapema kuliko wote. Nilikuwa na sanduku na mfuko wa fimbo. Binti wa kaunta akasema tiketi yangu ni ya mzigo mmoja, wa pili unalipiwa. Hela ya kulipia nilikuwa nayo, usije ukafikiri ni hilo. Akauliza upi unatangulia. Nikatazama, nikaona mfuko wa fimbo nimeshaupandisha kwenye mizani mwenyewe, na sanduku nimelisukuma pembeni kwa mguu. Yeye hakuona kitu. Alikuwa anabonyeza mashine yake, akaniuliza kama anavyouliza kila mtu:

"Mzee, unakwenda kukaa au kutembea?"

Nikasema, "Kutembea."

Nilisikia sauti yangu ikisema hivyo, haraka, bila kufikiri, jibu la mtu anayejua. Foleni ilikuwa nyuma yangu. Nikamwomba anirudishie mfuko. Akauliza kama nimesahau kitu nyumbani, nikamjibu ndiyo, nikatoka.

Sikurudi kwenye chumba changu. Nilikwenda uwanjani na sanduku langu, nikaliacha kwa mzee wa lango, nikacheza peke yangu mpaka mchana ukaisha. Nilicheza vibaya kuliko siku yoyote ninayoikumbuka. Nilikosa kila kitu, nikapoteza mipira, nikaingia majini mara mbili, na sikutaka kuwa mahali pengine popote. Nimekaa vyumba vingi katika nchi hii, na kote nimekuwa mtu wa kusimama dirishani. Mezani nataka mlango, mlangoni nataka barabara. Ninapoinama juu ya mpira tu ndipo miguu hii hunyamaza. Miaka yote nilidhani inanyamaza kwa sababu mchezo unanikumbusha nyumbani, na kwamba nikiupata mchezo na nyumbani mahali pamoja, nitatulia moja kwa moja. Wewe ukaniwekea vyote viwili pamoja. Ulivunja saruji kwa nyundo. Hakuna mtu aliyewahi kunitendea hivyo, na ndipo sikuwa na cha kusingizia tena.

Kwa hiyo nimekaa na ombi lako tangu barua ilipofika. Ni ombi dogo. Neno "nakuja" nimelisema kwa kila mtu, kama watu wanavyosema salama, na lisingenigharimu kitu kuliandika tena. Lakini fikiri. Ukilinda mteremko kwa neno langu, utacheza kila siku ukisikiliza kama mtu wa posta anapita. Utamsomea Baba Mdogo barua ya uongo mbele ya watu, wewe ambaye mji mzima uliamini ulichosema mlangoni pa wodi. Na siku nitakayokufa, Injinia ataleta koleo kabla hujamaliza kupokea pole. Uwanja unaosimama juu ya ahadi ya mtu mwingine hauchezeki.

Nimekwenda kwa wakili. Hati ina jina langu, Baba Mdogo mwenyewe amekubali hilo, na mwenye jina anaweza kutoa. Karatasi imo humu, ina saini yangu na muhuri, na binti yangu ameweka saini kama shahidi, ndiyo mara yake ya kwanza kukaa mezani nami tangu Agosti. Mteremko wote, kuanzia tangini mpaka uani, ni wako. Uufyeke, uuchimbe, upande mboga ukichoka na gofu, au umpe Injinia ukimpenda siku moja. Ni juu yako, na mtu asikuulize.

Sijui kama kikao kitaikubali. Huenda Baba Mdogo akasema karatasi ya mtu asiyefika haina miguu. Huenda Injinia akapiga kelele, na ana haki yake ya kupiga kelele, amesubiri mpaka nywele zimemwisha. Ukifika hapo usinitetee. Usiseme naumwa, usiseme ni binti yangu, usiseme ni mjukuu. Simama, uwasomee barua hii yote, hata sehemu ya kaunta, halafu uwaonyeshe karatasi, halafu uketi. Wakipinga, niandikie siku hiyohiyo, nitarudi kwa wakili.

Najua unachopoteza kwa mimi kusema hivi. Mlango ambao Baba Mdogo alikataa kuufunga, ninaufunga mimi. Ulitaka kaka, halafu ulitaka neno la kaka tu, na leo nakunyima vyote viwili na kukuachia ardhi. Lakini nimekaa chini wakati naandika barua hii. Sikusimama hata mara moja.

Mwambie Baba Mdogo alale mchana. Sirudi nyumbani.

Kaka yako